Mlango wa mto: Namna ya kuvua kwa usalama ukiwa mtumbwini, kutoka Jinja hadi Ziwa Kyoga

Mwezi Aprili mwaka 2020, kisiwa cha mimea kilichokuwa kikielea katika Ziwa Victoria kilisukumwa na upepo na maji hadi Jinja, mashariki mwa Uganda, kikaingia katika mlango wa Mto Nile na kuziba mitambo ya kuzalisha umeme. Sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Wahandisi walikuwa na tatizo lao la kutatua. Kwa mvuvi, tukio hilo lilikuwa na maana nyingine: ikiwa maji ya mahali hapo yanaweza kukokota kisiwa kizima chenye mafunjo na udongo wake, mtumbwi wa mbao ulioishiwa mafuta hauna nguvu ya kushindana nayo.

Mlango wa mto, yaani mahali mto na ziwa vinapokutana, ndiko wavuvi wengi wanakopenda kutega, na wana sababu. Maji ya mto huleta chakula cha samaki kutoka bara, na baadhi ya samaki, kama vile ningu na kambare, hukusanyika hapo msimu wa mvua wakitafuta kupanda mtoni ili kutaga mayai. Kwa sababu hiyohiyo maeneo mengi ya namna hii huhesabiwa kuwa mazalia na hulindwa kisheria, hivyo mvuvi mgeni aulize kwenye mwalo, kabla ya kushusha wavu, mpaka wa eneo linaloruhusiwa uko wapi.

Lakini kinachowavuta samaki ndicho kinachowahatarisha watu. Katika mlango wa mto hukutana maji yenye mwendo na maji yaliyotulia, maji mafu na maji ya kina, mawimbi kutoka upande mmoja na mkondo kutoka upande mwingine. Makadirio yanayotajwa mara nyingi, likiwemo Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), ni kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa maji kila mwaka katika Ziwa Victoria, wengi wao wakiwa wavuvi. Idadi hiyo ichukuliwe kama makadirio tu, kwa kuwa mvuvi anayezama usiku mbali na mwalo mara nyingi huzikwa, au hukosekana, bila jina lake kuandikwa popote.

Mashariki mwa Uganda pana jambo la pekee linalostahili kufahamika na kila anayeingia majini. Huko Jinja mto hauingii ziwani, bali hutoka. Na kilomita nyingi kaskazini mashariki, mito inayoshuka kutoka Mlima Elgon na kupita karibu na mji wa Mbale humwaga maji yake katika njia inayoishia Ziwa Kyoga. Milango hii miwili huua kwa njia tofauti, na ujuzi wa mmoja unaweza kumponza mtu kwenye mwingine.

Jinja: Mto unaovuta kutoka ziwani

Kagera, Nzoia, Sio, Mara na mito mingine huingia Ziwa Victoria. Unaotoka ni mmoja tu, Nile. Mvuvi aliyezoea mlango wa Nzoia, upande wa Kenya, anajua kwamba injini ikizimika mkondo utamsukuma nje kuelekea ziwani. Ni shida, lakini ziwani pana nafasi, na huenda mtumbwi mwingine ukamwona. Jinja hali ni kinyume. Injini ikizimika karibu na mlango, maji humtoa kwenye upana wa ziwa na kumwingiza katika njia nyembamba, na mwisho wa njia hiyo kuna bwawa.

Hapakuwa hivyo siku zote. Mwingereza John Hanning Speke alipofika hapo tarehe 28 Julai 1862 alikuta maporomoko ya maji, akaandika kwamba aliwaona wavuvi Wasoga na Waganda wakija kwa mitumbwi na kusimama juu ya miamba na ndoana zao, huku viboko na mamba wakiwa wamejilaza majini. Maporomoko hayo, aliyoyaita Ripon, yalikuwa yakitoa onyo kwa sauti: mtu aliyasikia kabla ya kuyafikia. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo kituo chake cha umeme kinaitwa Nalubaale, lilipozinduliwa mwaka 1954, maporomoko yakafunikwa na maji na mwamba wake ukachimbwa ili maji yapite kwa wingi zaidi. Sauti ile ikanyamaza. Maji ya hapo sasa yanaonekana laini, na ulaini huo ndio unaowadanganya wageni.

Mwendo wa maji hayo tena hautegemei mvua ya siku hiyo pekee. Hutegemea kiasi kinachoruhusiwa kupita bwawani, na kiasi hicho hubadilishwa. Mwaka 2020, ziwa lilipofurika na kufikia kiwango cha juu cha mwaka 1964 na hata kukipita kidogo, maji yaliyokuwa yakiachiwa Jinja yaliongezwa hadi kupita mita za ujazo 2,000 kwa kila sekunde. Mtu aliyeijua njia hiyo kwa miaka mingi katika maji ya kawaida alijikuta mgeni mahali alipozaliwa.

Basi mkondo upimwe upya kila siku ya kazi. Njia iliyo rahisi haihitaji chombo chochote. Ukiwa bado kwenye maji mapana, zima injini, kisha chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mathalani mti ulio ufuoni na paa la nyumba iliyo nyuma yake. Tulia kwa dakika mbili. Ikiwa mti na paa vimeachana, unasogea, na umbali vilivyoachana unakueleza kasi yako. Usilinganishe na gugu maji lililo kando ya mtumbwi, kwa sababu nalo linasafiri pamoja nawe. Ukilitazama hilo utadhani umesimama.

Usiku alama hizo hazionekani, ndiyo maana kuvua karibu na mlango wa Nile gizani, bila nanga inayoaminika, ni kuweka maisha mikononi mwa injini moja.

Nanga, na mahali pa kuifunga

Kuhusu nanga pana kosa linalorudiwa mno hata na watu wazima katika kazi, nalo linastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika maji yenye mkondo, nanga hufungwa kwenye omo, yaani mbele ya chombo, na si kwenye tezi. Omo limechongwa ili lipasue maji. Tezi ni pana, aghalabu limebeba injini na mtu anayeiendesha, na ukingo wake uko karibu na maji. Nanga ikishika chini na kamba ikakaza huku imefungwa tezi, mkondo huvuta tezi kwenda chini, maji huingia kwa mkupuo mmoja, na mtumbwi hujaa kabla mtu hajapata nafasi ya kuinuka. Wavuvi hufunga nyuma kwa sababu wavu uko nyuma na ni rahisi kuufikia. Urahisi huo haustahili bei yake.

Kamba nayo iwe ndefu. Mahali penye kina cha mita 6, kamba ya mita 6 au 8 haishiki kitu, kwa kuwa huivuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza chini. Kamba iwe angalau mara tano ya kina, na zaidi ya hapo mkondo ukiwa mkali. Kisu chenye makali kikae mahali panapofikika kwa mkono mmoja, kwa maana itafika siku nanga au wavu utanasa kwenye gogo, maji yataanza kuingia, na kuchagua kati ya wavu na watu kutapaswa kufanyika katika sekunde chache. Wavu ni mali ghali, mara nyingi umenunuliwa kwa mkopo. Hiyo ndiyo sababu wengi huchelewa kukata. Ni vyema nahodha na mabaharia wake wakubaliane wakiwa bado nchi kavu kwamba akisema kata, hapana mjadala.

Mafuta hugawanywa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na moja halitumiki ila kwa dharura. Plagi ya akiba, spana yake, na makasia yasiyopungua mawili yawemo chomboni hata kama injini ni mpya.

Mbale: Mvua usiyoiona

Mji wa Mbale uko mbali na ziwa, na wengi hawauhesabu kuwa mahali pa kujifunza mambo ya uvuvi. Hata hivyo ni Mbale inayoweza kumwambia mvuvi wa mlango wa Mpologoma kitakachomfika.

Mlima Elgon una urefu wa mita 4,321 juu ya usawa wa bahari. Mvua inayonyesha kwenye miteremko yake hushuka kwa kasi kupitia Manafwa, Namatala, Nabuyonga na vijito vingine. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito hiyo ilivunja kingo zake na kuufurika mji wa Mbale. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na baadhi yao walikuwa ndani ya magari yaliyosombwa. Miaka minne kabla yake, Oktoba 2018, mto uliojaa matope na mawe ulishuka katika wilaya jirani ya Bududa na kuua makumi ya watu.

Maji hayo hayaishii mjini. Manafwa huendelea hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Doho, kisha hujiunga na Mpologoma, na Mpologoma huelekea Ziwa Kyoga kupitia mabwawa ya mafunjo. Safari hiyo huchukua muda, na muda huo ndio mtego. Mvuvi anaamka, anatazama juu, anaona anga jeupe na maji ya Kyoga yametulia, anatia kasia. Mvua iliyomhusu ilinyesha mlimani, mahali asipopaona, na maji yake yako njiani.

Dalili hujionyesha kwa mwenye kutazama. Rangi ya maji hubadilika na kuwa ya udongo, na mara nyingi huonekana mstari ulio wazi kati ya maji meusi ya ziwa na maji ya kahawia ya mto. Vijiti, majani ya migomba na povu huanza kupita. Kisha huja magogo, na baadhi ya magogo huelea yakiwa yamezama karibu yote, hivyo hayaonekani hadi yamegonga mbao. Ukiona majani na povu, usingojee magogo. Toka kwenye njia ya mto, sogea pembeni, na uangalie usije ukajificha nyuma ya kisiwa cha mafunjo kinachoelea, kwani mafuriko huving'oa visiwa hivyo na kuvisogeza, na kimoja kikifunga njia nyuma yako utakaa hapo siku nzima au zaidi.

Simu imerahisisha jambo hili kuliko watu wanavyofikiri. Mwenye ndugu, rafiki au mteja wa samaki huko Mbale au Butaleja ampigie jioni kabla ya kutoka, amwulize swali moja: mto umepanda? Hakuna chombo cha kupimia kilicho bora kuliko mtu anayeishi kando ya maji hayo juu yako.

Kyoga yenyewe ina kina kifupi, wastani wa takriban mita 3. Wageni husikia hivyo wakafarijika. Wasifarijike. Maji mafupi huinuka upesi upepo unapovuma, na mawimbi yake huwa mafupi na yaliyosongamana, yakiupiga mtumbwi kabla haujainuka kutoka kwenye wimbi lililotangulia. Na mtu huzama katika mita 3 sawasawa na anavyozama katika 30.

Mlangoni penyewe mto huacha mchanga na tope lililotoka mlimani, na kufanya mafungu yanayohama kila msimu. Njia uliyopita mwaka jana huenda leo ni fungu. Upepo unaotoka ziwani ukikutana na mkondo unaotoka mtoni, mawimbi hupungua urefu lakini huinuka na kusimama wima kama ukuta. Mahali hapo hapavukwi kwa ubavu. Ama uelekeze omo kwenye wimbi na upunguze mwendo, au usubiri upepo uanguke.

Saa za hatari ndizo saa za kazi

Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko ziwa, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu ya mvua hujengeka juu ya bara, ikiwemo Elgon, nyakati za alasiri. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, ziwa hubaki na joto, na upepo kutoka pande zote za ufuo hukutana katikati ya Ziwa Victoria na kuinua dhoruba za radi kati ya usiku wa manane na alfajiri. Ndizo saa wavuvi wa sangara wanapolinda nyavu zao, na wavuvi wa dagaa wanapowasha taa.

Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Uganda hutoa utabiri kwa ajili ya ziwa, na redio za FM za maeneo ya mwambao huutangaza kwa lugha za wenyeji. Usikilizwe wa jioni, si ule wa asubuhi uliopitwa na saa kumi. Lakini utabiri haumwoni mtu mmoja mmoja. Upepo uliokuwa ukivuma ukikatika ghafla, hewa ikawa baridi, na ukingo mweusi wa wingu ukaonekana ukitembea juu ya maji, dakika zilizobaki ni chache. Ngurumo ikisikika, radi iko karibu kiasi cha kukufikia: laza milingoti na fito, keti chini katikati ya mtumbwi, na uelekee ufuo ulio karibu, hata kama si mwalo wako.

Wanyama nao wana saa zao. Viboko hurudi majini kutoka malishoni alfajiri, na hukasirika wakikuta chombo kati yao na maji ya kina. Gonga ubavu wa mtumbwi unapokaribia mafunjo ili wajue unakuja. Mamba hujifunza tabia za watu, hasa mahali utumbo wa samaki unapotupwa kila siku kwenye kona ileile. Mwaka 2005 alikamatwa mmoja mkubwa huko Luganga, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, ambaye wenyeji walimlaumu kwa vifo vya makumi ya watu na kumpa jina la Osama. Samaki wasafishwe mbali na mahali mnapopandia chomboni.

Jaketi lililo chini ya kiti

Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, wilayani Mukono, karibu na nchi kavu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wengi hawakuwa wamevaa majaketi ya kuokoa maisha. Maji yakishaingia chomboni, jaketi lililofungiwa au kukaliwa halivaliki: watu wanasukumana, mikono inatetemeka, kamba hazifungiki. Jaketi huvaliwa ufukweni na kuvuliwa ufukweni.

Wavuvi husema jaketi huzuia mikono wakati wa kuvuta wavu, na lalamiko hilo lina ukweli kwa yale majaketi manene ya abiria. Yapo mafupi yasiyo na mikono yanayofaa kazi. Asiyeweza kulipata asikae bure. Mtu mzima aliye majini huhitaji msaada mdogo tu wa kumwelesha, kama kilo 4 au 5, na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri hutoa zaidi ya mara tatu ya hizo. Si mbadala wa jaketi, kwa sababu humponyoka aliyezimia au kuchoka, lakini dumu moja kwa kila mtu, lenye kitanzi cha kamba cha kupitisha mkono, ni bora mara elfu kuliko kutokuwa na kitu. Waragi iachwe nchi kavu. Pamoja na kuondoa akili, huharakisha mwili kupoteza joto majini.

Mtumbwi ukipinduka

Mtumbwi wa mbao uliojaa maji kwa kawaida bado huelea. Ushike, na uwashikilie wenzako karibu nao. Anayeogelea kuelekea taa za ufuoni karibu kila mara hukosea umbali, na kichwa kimoja katika mawimbi hakionekani, ilhali mtumbwi uliopinduka huonekana kutoka mbali.

Kanuni hiyo ina mahali pamoja isipotumika, napo ni njia ya Nile chini ya Jinja. Hapo mtumbwi unakwenda na mkondo kuelekea bwawani, na kuushikilia ni kusafiri nao. Mwenye kitu cha kumwelesha aondoke mapema, alale chali, miguu ikitangulia upande wa chini wa mto ili ipokee mwamba badala ya kichwa, na apige mikono kwa mshazari kuelekea ukingo ulio karibu. Kupigana na mkondo uso kwa uso humaliza nguvu katika dakika chache.

Wanaokwenda kuokoa nao wamo hatarini. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia MV Templar, na taarifa za wakati huo zilieleza kwamba chombo kilichokwenda kuokoa nacho kilizidiwa na watu. Usiingize mtumbwi katikati ya kundi la watu wanaotapatapa. Simama umbali wa kamba, upande unaotoka upepo usije ukawapoteza, kisha tupa madumu na kamba kwanza ili kila mmoja awe na cha kushika. Zima injini kabla mtu hajakaribia panga lake. Wapandishe mmoja mmoja kupitia tezi au omo, kamwe si ubavuni, na wakijaa, waliobaki washike kamba hadi chombo kingine kifike.

Kabla ya haya yote, pawepo mtu nchi kavu anayejua. Aambiwe mtumbwi una watu wangapi, umepakwa rangi gani, unakwenda upande upi na utarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita kwa kiasi mlichokubaliana, asingoje kukuche: apige 999 au 112, ataje mwalo, ataje idadi, na aeleze upepo ulikuwa ukivuma kuelekea wapi mara ya mwisho alipouona mtumbwi.